Fundi wa Magodoro na Mgongo Usioinama

"Vuta. Vuta tena. Haya, funga."

Shazia, ile sindano nene ya kushonea magodoro, inazama kwenye kitambaa na kuchomoza upande wa pili. Mkono unaoivuta si wa fundi, ni wa mkewe, aliyesimama mbele ya mlango wa zamani uliolazwa juu ya mapipa mawili. Fundi mwenyewe yuko kando ya ukuta, mkanda mpana umembana kiuno, mikono ameiweka nyuma kama mkaguzi.

"Umeruka kifundo," anasema.

"Sijaruka. Macho yako ndiyo yamelala."

"Mimi nimepasuliwa mgongo, mama watoto, si macho."

Wote wanacheka. Fundi anacheka kwa hadhari, ameshika ukuta, maana kicheko bado kinafika hadi kwenye mshono.

Wateja humwita Lala Salama. Kwa zaidi ya miaka thelathini ameshona magodoro ya sufi katika chumba hiki cha mbele, akikaa sakafuni na kukunja mgongo kama baba yake alivyomfundisha. Enzi hizo, anakumbuka, hakuna aliyeoa bila kupita kwake kwanza. Magunia ya sufi yalipangwa hadi darini. Mtu akipiga chafya, chumba kizima kinapaa.

"Watoto wetu walijifunza kutembea wakiangukia sufi," anasema. "Walipoanza kwenda kwa watu wakaanguka, walishangaa. Kumbe sakafu inauma!"

Kisha yakaja magodoro ya sponji. Siku hizi akipata kazi mbili kwa mwezi anashukuru, na nyingi ni za wazee wenzake wanaoleta magodoro yao ya zamani yachambuliwe upya.

Maumivu yalianzia kiunoni, yakashuka mguu wa kushoto. Alipaka dawa, akajifunga shuka, akaendelea na kazi. Hadi siku ile mkewe alipoingia na chai, akaona damu sakafuni. Shazia ilikuwa imezama kwenye kidole gumba cha mguu, na mwenye mguu anapiga hadithi na mteja.

"Sikusikia kitu," anasema. "Nilimwona anapiga kelele, nikadhani kaona panya."

Daktari wa mgongo, mama mmoja mwenye sauti ndogo, alimwonyesha kwenye picha. Diski ilikuwa imetoka mahali pake na kubana mshipa wa fahamu. Wakichelewa, mguu ungeweza kukataa kabisa. Jirani yake fundi viatu naye alikuwa na yake: "Mgongo haufunguliwi, bwana. Ukifunguliwa, umekwisha."

Lala Salama alimuuliza daktari swali moja tu: atashona tena?

"Kushona, natumaini," daktari alimjibu. "Kukaa chini vile, sahau."

Alirudi nyumbani. Jioni chakula kikapoa mbele yake. Hatimaye mkewe akasema, "Mimi niliolewa na mtu wa miguu miwili." Kesho yake wakaenda kupanga tarehe.

Wiki za kungoja upasuaji hakuzipoteza. Alijishonea godoro la kulalia atakaporudi, la kwanza kujishonea tangu aoe. Alichagua sufi nyeupe kuliko zote, akaijaza hadi godoro likatuna kama alivyokuwa akiwajazia mabwana harusi.

Hapo ndipo alipokosea. Hospitalini alifundishwa kugeuka mwili mzima kwa pamoja, kama gogo. Alipofika nyumbani na kulazwa kwenye kazi yake nzuri, gogo likazama. Hageuki, hanyanyuki. Mkewe na fundi viatu walimtoa kwa kumvuta na shuka.

"Nilinaswa na godoro langu mwenyewe," anasema. "Yule wa viatu mpaka leo akiniona anacheka."

Mkewe ndiye aliyelikumbuka godoro la zamani, lile la harusi yao, lililokaa miaka chini ya kitanda kwa sababu alikataa kulitupa. Limebanana, limekuwa jembamba na gumu. Fundi alikuwa akilionea haya. Sasa ndilo linalomshika mgongo usiku, na akilala hapo anamkumbuka marehemu mama mkwe, aliyelibonyeza kwa kiganja kabla ya harusi, kisha akasema, "Haya, mwanangu anaweza kwenda."

Lile jipya ndilo linalorudiwa leo. Sufi imepunguzwa karibu nusu na vifundo vimesogezwa pamoja, ili liwe imara. Fundi haruhusiwi kuinama, wala kubeba kizito kuliko birika la chai. Wazo la kuinua kazi juu ya mapipa ni la mkewe, na ni la zamani.

"Nilimwambia tangu watoto wadogo, tuweke meza," mkewe anasema. "Akaniuliza, kwani godoro ni chakula?"

"Nilisema hivyo," fundi anakiri. "Nilikuwa na mgongo wakati huo."

Mwanga wa dirishani unapungua. Umebaki mstari mmoja, lakini mkewe anaacha kushona.

"Na huo?" fundi anauliza.

"Wa kwako. Kesho si tunarudi kwa daktari? Muulize kama unaweza kushona umesimama."

Kabla ya kufunga kazi kuna jambo wanalolifanya kila jioni. Ganzi ya kidole gumba bado haijaisha, na daktari alisema fahamu hurudi polepole, kama itarudi. Fundi anafumba macho. Mkewe anachuchumaa na ncha ya shazia.

"Juzi alisema anasikia," mkewe ananong'ona, "na mimi nilikuwa sijamgusa."

Anagusa. Fundi kimya. Anagusa tena, anakandamiza kidogo.

"Taratibu basi," fundi anasema, macho bado ameyafumba. "Unanichoma."

Mkewe anatazama: kweli ncha iko kwenye kidole. Anainuka, anatunga uzi mpya kwenye tundu la shazia, anaichomeka mwanzoni mwa ule mstari uliobaki, upande anaposimama mumewe.