Shingo ya Orvane

Généreuse alikuwa fundi cherehani sokoni Rumonge, Burundi, na wateja wake walimjua kama mtu asiyekosea kipimo. Alivuka ziwa kutoka upande wa Fizi, Kongo, akiwa na miaka kumi na saba, amemshika mkono mdogo wake Benedicte wa miaka tisa. Mama yao walikuwa wamemzika wiki mbili kabla. Kuanzia hapo yeye ndiye aliyekuwa mama. Alimlisha Bene kwa cherehani, akamsomesha kwa cherehani, akamsuka nywele kila Jumapili kabla ya ibada.

Kisha ikaja safari ya Kanada. Walikuwa wameomba pamoja kama wakimbizi, lakini katikati Généreuse aliolewa na Mrundi mmoja wa Bugarama, na faili yake ikawekwa kando. Ndoa haikumaliza miaka miwili. Faili haikurudi. Bene akapanda ndege peke yake, ana miaka ishirini na mmoja, amevaa gauni ambalo dada yake alilimaliza asubuhi ileile.

Huu ni mwaka wa sita. Mwanzoni walipigiana simu kila siku, halafu kila Jumapili, halafu Bene akipata nafasi, maana kazi yake ya kutunza wazee haikuwa na ratiba. Maneno nayo yakaanza kuisha. Umekula nini? Huko baridi? Mvua imenyesha? Généreuse alikuwa akikata simu huku kifua kimejaa mambo ambayo hakujua ayaanzie wapi.

Siku moja Bene, ambaye tangu utotoni alimwita dada yake Yaya, akamtumia kiungo cha mtandaoni. "Yaya, soma hii. Tutaongea Ijumaa."

Ilikuwa hadithi ya michoro, ya Kifaransa, inayotoka kwenye mtandao sehemu moja kila Ijumaa. Ilimhusu Orvane, msichana aliyelelewa ngomeni na mhunzi, asiyejua nani alimzaa. Baridi haikumpata. Mbwa walinyamaza akipita. Miali ya mishumaa iliinama kumwelekea. Wasomaji wote walikubaliana kwamba nusu ya damu yake si ya binadamu. Walichogombania ni nusu ipi, ya baba au ya mama, na ya viumbe gani.

Généreuse aliisoma taratibu, kidole juu ya kioo cha simu, saa ya mchana ambapo Mwamini, fundi mwenzake aliyekodi naye chumba cha kazi, alikuwa ameenda kuswali. Ijumaa ilipofika, Bene alipiga.

"Baba yake ni mutu wa moto," akasema. "Angalia mishumaa, Yaya."

"Hapana. Ni mama. Na ni mutu wa maji."

"Umetoa wapi maji?"

"Kwenye nguo. Tangu mwanzo amebadilisha nguo mara kumi na moja, nimehesabu. Zote ziko na kola ndefu, zinafungwa nyuma. Hata siku ya mavuno, wenzake wote mabega wazi, yeye kola. Fundi hawezi kumufunga mutoto wa kike hivyo wakati wa joto bila sababu. Pale shingoni iko kitu kama mashavu ya samaki. Na ule aliyemushonea kola ya kwanza alijua."

Bene alicheka mpaka akakohoa. Lakini usiku wake huko aliyapanga maneno yale kwa Kifaransa kizuri, akayaweka kwenye ukurasa wa wapenzi wa hadithi, chini ya jina la Fundi wa Rumonge. Watu mia nne wakajibu. Wengine walirudi sehemu ya kwanza kuhesabu kola. Mmoja akaandika kwamba mchoraji anapenda kola tu, basi, na Bene akagombana naye siku tatu kumtetea dada yake.

Msimu mzima wa mvua waliongea kila Ijumaa, wakikatizana maneno kama walivyofanya zamani kwenye mkeka mmoja. Généreuse aliacha kuchukua kazi za Ijumaa jioni. Wateja wakazoea.

Halafu mchoraji akatangaza kwamba mkono wake unauma na anapumzika. Hakusema mpaka lini. Ijumaa ya kwanza Bene alipiga, wakabahatisha mawili matatu kuhusu mhunzi. Ya pili alituma ujumbe mfupi. Ya tatu, kimya. Généreuse aliketi mlangoni, simu mapajani, milima ya Kongo ikionekana wazi ng'ambo ya maji. Kwao, ambako hakubaki mtu, kulionekana kila siku. Alipo mtu wake, Kanada, hakuwahi kupaona.

Mwezi ukapita, ndipo ukaja ujumbe: "Yaya, nishonee ile nguo ya mavuno ya Orvane."

"Nitumie vipimo," akajibu haraka, asimpe nafasi ya kughairi.

Vipimo vikaja. Généreuse akavilinganisha na vile vya miaka sita iliyopita, vilivyokuwa bado kwenye daftari lake. Mabega yaleyale. Mkono uleule. Kifua kimeongezeka kiasi. Kiuno, sentimita tisini na nane, kutoka sabini. Alivisoma tena. Mwanamke akinenepa, hunenepa na mikono. Akaviandika kwenye kipande cha karatasi bila jina, akampa Mwamini.

"Huyu iko na mimba," Mwamini akasema, hakuchukua hata muda. "Miezi sita, saba. Ni mteja gani?"

Généreuse alitoka nje, akapiga.

"Bene, uko miezi ngapi?"

Alisikia mlango ukifungwa upande wa pili.

"Saba, Yaya."

"Baba yake iko?"

"Iko. Ni mutu wa Bukavu, mutu muzuri. Tunakaa pamoja."

"Na mimi hukuniambia."

"Ningekuambia, ungeniuliza nani atanikanda na maji ya moto, nani ataniogeshea mutoto. Ningekujibu nini? Hakuna mutu. Nilitaka tu nguo iliyopita mikononi mwako."

Généreuse hakumgombeza. Alinunua kitambaa cha kijani, akaacha akiba pana ndani ya mishono, akaweka vifungo mbele badala ya nyuma ili iwe rahisi kunyonyesha. Mfanyabiashara aliyekuwa akisafiri akakibeba kifurushi mpaka Bujumbura, na kutoka pale kikaenda mpaka Kanada.

Mtoto alizaliwa Juni, wa kike. Siku ya tano Bene alipiga kwa video, beseni mbele yake, anaogopa. Wateja watatu walikuwa kwenye benchi. Mwamini alichukua simu, akaishikilia juu ili mikono ya Généreuse iwe huru.

"Weka kiwiko kwanza, usikie maji," Généreuse akasema, mikono yake ikienda hewani. "Sasa mulaze hapa. Mugongo juu ya mukono wako."

"Hivi, Yaya?"

"Hivyo. Mumwagie polepole. Usimuache, mutoto anateleza."

Mtoto alilia, kisha akanyamaza. Wateja walisubiri.