Ijumaa Tuliyopumzika Mutsamudu

Pikipiki ilikuwa ya rafiki yangu, karani wa forodha, mzaliwa wa Ikoni. Mimi nilikuwa mwalimu Moroni. Nilikulia Unguja, na Kingazija changu bado kiliwachekesha wanafunzi. Likizo moja tuliipakia pikipiki kwenye meli ya mizigo, tukashuka nayo Mutsamudu ili tuzunguke kisiwa cha Nzuani kwa wiki moja.

Miaka hiyo mamluki wa Kizungu ndio waliokuwa na nchi mkononi. Walimrudisha rais madarakani, kisha wakabaki kumlinda, na watu walijifunza kupima maneno. Mtu akikuuliza habari za nyumbani mara mbili, unaanza kujiuliza anauliza kwa niaba ya nani.

Siku tatu tulipanda na kushuka milima. Kufika Alhamisi jioni, kiuno changu kilikuwa kama kimetwangwa, tukakubaliana kupumzika Ijumaa nzima kwa mama yangu mdogo. Alikuwa mjane, anaishi peke yake katika nyumba ya ghorofa ndani ya mji wa kale. Naye alikulia Unguja, kwa hiyo tulizungumza Kiswahili. Rafiki yangu alidaka neno moja moja, akitutazama midomo.

Asubuhi tulipokuwa tunakunywa chai, mama mdogo alipita na sahani iliyofunikwa kawa, akapanda nayo ngazi. Alirudi mikono mitupu.

"Kuna nani juu?" rafiki yangu aliniuliza.

Nikamfasiria mama mdogo. Akacheka kidogo, akasema, "Mwambie ni paka."

Paka gani anayetiliwa chai? Nilikwishaona kikombe mkononi mwake. Lakini kilichonikaa rohoni si kikombe, ni rafiki yangu. Hakucheka. Aliitazama ile ngazi mpaka chai yake ikapoa.

Tukateremka pwani kuosha pikipiki pale mto unapoingia baharini. Wanawake walikuwa wakifua nguo, na walipotuona wakasogea mbali. Baadaye gari la wanajeshi likapita barabarani, Mzungu mmoja kavaa nguo nyeusi, kaegemeza kiwiko dirishani. Rafiki yangu akainua mkono. Mzungu naye akainua wake.

"Mnajuana?" nilimuuliza.

"Mbwa mkali akikutazama, utamgeuzia mgongo?"

Lilikuwa jibu zuri, na uzuri wake ukanitia shaka zaidi. Nilianza kujiuliza mambo ambayo sikuwahi kuyauliza: karani wa forodha alipata vipi pikipiki nzima namna ile? Kwa nini safari hii aliipanga yeye? Nani aliyetaka tulale kwa ndugu zangu badala ya kwa jamaa zake wa Domoni, kisiwani humo humo?

Baada ya swala ya Ijumaa alisema anakwenda posta mara moja. Nilimwacha aende, halafu nikapita posta. Ilikuwa imefungwa.

Nikarudi mbio nyumbani. Mama mdogo alikuwa jikoni akikuna nazi.

"Mama, kama juu kuna mtu, mwondoe leo. Sasa hivi, kabla huyu hajarudi."

Akaacha kukuna. Sikuwahi kumwona na uso ule.

"Nani amekutuma?"

"Hakuna aliyenituma. Nakuogopea."

"Wewe, niliyekubeba mgongoni! Kawaambie waliokutuma, nyumba hii yangu, na nikifa nitazikwa kutoka hapa."

Niliona nimemwokoa mtu na kumpoteza mama mdogo kwa sentensi moja. Rafiki yangu alirudi alasiri na chupa ndogo ya mafuta ya mlangilangi, yale manukato ya maua, akasema anampelekea mama yake. Sikumuuliza alikokuwa. Nilimdanganya kuwa homa inanianza na nataka kurudi Moroni. Akanitazama, akamtazama mama mdogo, akasema, "Mmekwisha zungumza, basi." Kesho yake tukapanda meli. Njia nzima hakuniambia zaidi ya maneno kumi.

Mamluki walipokwisha ondoka nchini, nilikwenda Mutsamudu kumwomba mama mdogo radhi. Alinipokea yeye na mzee mmoja mchangamfu, mvuvi, aliyenitayarishia samaki kwa mkono wake. Mama mdogo akanitajia: huyu ndiye paka. Alikuwa ameolewa naye kwa siri, kwa sababu mama yangu, dada yake mkubwa, alikwisha apa kwamba ndugu yake hataolewa na mvuvi. Siku ile aliamini nimetumwa na mama kuja kuchungulia. Nilipomwambia nilidhani anaficha mtu anayetafutwa na serikali, mzee alicheka mpaka akakohoa.

Mimi sikuweza kucheka, kwa sababu kulikuwa na jambo sikuwaambia.

Tuliporudi Moroni siku zile, nilimwambia mwalimu mwenzangu mmoja, kwa sauti ya chini, achunge ulimi mbele ya yule wa forodha. Mmoja tu. Kabla ya mwezi kwisha, nilimwona rafiki yangu sokoni Volo Volo akikaribia kundi la watu tuliokuwa tukikaa nao kila jioni. Mazungumzo yakakatika. Mmoja akasema amechelewa, mwingine akakumbuka mgonjwa. Alibaki amesimama na mfuko wa mihogo mkononi. Mimi nilikuwa upande wa pili, nyuma ya marobota ya vitambaa, na sikuvuka.

Aliuza pikipiki, akasafiri Ufaransa. Nasikia yuko Marseille, ana wajukuu. Mpaka leo sijui zile saa mbili za Ijumaa alikuwa wapi. Huenda kweli alikuwa akitafuta mafuta tu. Huenda hapakuwa na mafuta ya bei nzuri mjini, akapanda mpaka kwa wanaopika mafuta ya mlangilangi huko mlimani, akaona haya kuniambia anahangaika hivyo kwa ajili ya mama yake. Nimejiambia hivyo mara nyingi. Na kila nikijiambia hivyo, kile kiwiko dirishani na ule mkono ulioinuliwa vinanirudia, naanza tena kumshuku mtu niliyekwisha mpoteza.