Mama na Sinema za Magauni Marefu

Baba alifariki msimu wa mvua. Tukamzika nyumbani Bungoma, upande wa Myanga, na matanga yalipoisha nikamchukua mama aje akae nami Kitale kwa muda. Mama ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mtu wa maneno machache, na msiba ulimnyamazisha kabisa. Mimi, binti yake, nilishinda dukani nikiuza mbegu na dawa za mifugo. Kila niliporudi jioni nilimkuta pale pale sebuleni, leso magotini, televisheni ikiwaka bila yeye kuitazama.

Siku moja nikamsikia akicheka kabla sijafungua mlango. Nilidhani ana mgeni. Kumbe ni sinema, moja ya zile za Wazungu wa kale: magauni yanayofagia sakafu, magari ya farasi, wanaume waliofungwa shingo kwa vitambaa vyeupe, na wapenzi wawili wanaogombana tangu mwanzo kwa sababu mmoja alikataa kucheza dansi na mwenzake. Mama alikuwa anapangusa machozi.

"Kaa hapa," akaniambia. "Huyu mwanamume ni mjinga sana, lakini atapata akili."

Tukawa tunazitazama pamoja. Mwanzoni zilinikera. Nilimuuliza mama kama haoni kwamba magauni yale meupe yote yalifuliwa na mtu fulani ambaye hatuonyeshwi hata mkono wake.

"Naona," akasema, macho yakiwa bado kwenye sinema. "Mama yangu alifua nguo za setla wa Kizungu hapa hapa Trans-Nzoia, amesimama kutwa nzima. Ndiyo maana mimi nataka kuzitazama nikiwa nimekaa."

Nikavua viatu, nikaketi kando yake.

Kisha akaja ndugu yangu mdogo, karani katika ofisi moja ya serikali kule Bungoma. Alitukuta tunacheka. Akasimama katikati ya sebule, akatazama kidogo, akachukua rimoti akazima.

"Ati mapenzi," akasema. "Mama, kwa umri wako? Na baba hata mwaka hajamaliza. Watu watasema nini?"

Mama alikunja leso yake. Mimi nilijibu. Nilimwambia kwamba yeye hupiga kelele za mpira mpaka sauti inakauka, na sijasikia mtu akimuuliza watu watasema nini. Alicheza mpira wiki ile ile tuliyozika, na hakuna aliyemwambia hajaomboleza.

"Mpira ni mpira, bana," akasema, akaketi kungoja chakula.

Hata mwezi haukupita, baba mdogo, yaani mdogo wake marehemu baba, akaitisha kikao cha familia nyumbani. Tukaenda, mama na mimi. Waliomba, chai ikamiminwa, kisha baba mdogo akakohoa.

"Shemeji, tumesikia huko Kitale unashinda ukicheka na sinema za mapenzi, na udongo wa ndugu yangu haujakauka. Sasa tunajiuliza, mtu ambaye mawazo yake yako huko, shamba atalishughulikia saa ngapi? Tumeonelea lile la chini, la karibu na mto, kijana wangu alishike."

Nilimtazama ndugu yangu. Alikuwa anatazama viatu vyake. Nikajua habari za kicheko cha mama zilifikaje Bungoma, na zilipofika zilipewa kazi gani. Nilisimama. Nilisema maneno ambayo mtoto hamwambii baba yake mdogo, na ningesema mengine zaidi kama mama hangenivuta gauni.

"Keti," akasema.

Kisha akamgeukia shemeji yake kwa sauti ile ya darasani ambayo nilikuwa sijaisikia tangu msiba.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Tangu niolewe hapa, mwanamke akisema neno kwenye kikao kama hiki, nyinyi mnapitisha chai. Kwa hizo sinema, mwanamke akisema, watu wanageuka wamsikilize. Wakicheka, ni kwa sababu amesema vizuri, si kwa sababu amesema. Hicho ndicho nafuata huko. Na tena tangu mwanzo najua wale wawili wataoana. Mambo ya hapa nimechoka nayo, maana mtu hajui yanaelekea wapi." Akaweka kikombe chini. "Sasa shamba. Nililima na ndugu yako, na nitalima. Msimu huu mahindi yangu yatafika mpaka mtoni."

Shangazi yetu mkubwa, dada yake baba, ambaye hupenda kusinzia kwenye vikao, akafumbua macho.

"Si amesema?" akauliza. "Basi."

Baba mdogo aliondoka bila kumaliza chai yake.

Mama hakurudi kukaa Kitale. Alibaki kwake, akatafuta wa kumlimia, mimi nikampelekea mbegu, na mahindi yakapandwa mpaka mtoni kama alivyosema. Televisheni yangu nilimpelekea pia. Baba mdogo hanisalimii, na huko sokoni anasema nilimharibu mama yangu kwa sinema. Ndugu yangu alikwenda kuomba msamaha, akasamehewa siku hiyo hiyo. Mama ananiambia siku hizi akimtembelea huketi naye, wakatazama mpaka mwisho, na juzi aliuliza kama kuna nyingine kama ile.

"Ni mtoto wangu," mama husema. "Wewe hasira yako itaisha lini?"

Walimwona mjane amepata kitu kidogo cha kumchekesha, wakakitumia kama njia ya kufikia shamba lake. Mmoja wao alizaliwa tumbo moja nami. Wiki iliyopita alinipigia simu, akasema mama ameniita Jumapili tutazame sinema sote watatu. Nilimwambia nina kazi dukani. Jumapili sifungui duka, na yeye anajua.