Kaburi la Kuazima

Kwetu, upande wa Lugulu, mtu akitaka kitambulisho aliitwa mbele ya wazee wa chifu akaulizwa swali moja lenye uzito: baba yako amezikwa wapi? Ukinyoosha kidole kwenye migomba ya boma fulani, umepita. Ukisema ng'ambo, kule Uganda, umekwisha. Vyeti vya kuzaliwa walikuwa navyo wachache. Kaburi ndilo lililokuwa cheti.

Fundi, mama mshona nguo jirani yangu, hakuwa na kaburi upande huu wa mpaka. Alikuja Kitale miaka ya themanini akikimbia vita vya Uganda, akapanga chumba mtaa wa Matisi, mlango wa pili kutoka kwangu, akawashonea wanafunzi wangu sare kwa zaidi ya miaka kumi. Cherehani yake ilikaa karibu na mlango wa nyuma. Polisi wakiingia mtaani kusaka wasio na vipande, yaani vitambulisho, yeye alikuwa ameshavuka ua na kupotelea kwenye mahindi, sindano ingali imechoma kitambaa. Mimi nilimfungia mlango nikangoja arudi na matope yake. Siku moja alirudi akakaa chini kabisa, sakafuni.

"Mwalimu, mimi nimechoka na hii kukimbia," alisema. "Magoti imezeeka."

Mama yangu, kule nyumbani Lugulu, alipopata habari hakufikiri mara mbili. "Mulete hapa," aliniambia. "Baba yako mukubwa alikufa bila mutoto. Kaburi yake si iko hapo nyuma ya jikoni? Aseme ni baba yake. Nani ataurisa? Mutu amekufa hawezi kataa mutoto."

Aliyekataa ni mimi. Nilikuwa na ule ugonjwa wa walimu, kuamini karatasi. Nilimwambia mama kwamba huo ni uongo, tena watu kama Fundi wamejaa Matisi na Tuwan, makaburi ya kuwaazima wote tutayatoa wapi? Dawa ni sheria ibadilishwe. Mwaka mmoja ulikuwa umebaki kabla ya uchaguzi wa pili wa vyama vingi, na nilijua ombi likitoka upande mmoja, upande wa pili utapiga kelele kwamba wageni wanaingizwa kupiga kura. Basi lazima pande zote mbili zitie sahihi. Mama alisema, "Haya, musomi," akaendelea kuchambua maharagwe.

Kwa miezi mitatu wenyeviti wawili wa tawi, wa chama tawala na wa upinzani, walinipiga danadana. Kila mmoja alisema jambo ni jema, ila mwenzake atangulie. Mwishowe niliwanasa matangani, maana mwaka wa kura ukikaribia mwanasiasa wa kwetu hakosi matanga. Walikuwa wamekaa benchi moja wakingoja zamu ya kuongea. Niliwawekea barua ya ombi magotini. Wakaisoma, wakaangaliana, wakasema haina ubaya, lakini niambatishe majina ya watu wenyewe na nyumba wanamoishi, isije ikaonekana wanatetea hewa.

"Kama ni watu kweli, si uwaandike, bana," alisema mmoja.

Nikawaandika. Nilipita nyumba kwa nyumba, na watu waliokuwa hawamtajii mgeni hata jina la mtoto walinitajia mimi kila kitu, kwa kuwa niliwafundishia watoto. Fundi nilimweka wa kwanza. Wenyeviti walitia sahihi, mmoja kulia, mwingine kushoto, nami nikatembea wiki nzima kifua mbele kama jogoo. Nilimwambia Fundi kwamba barua imekwenda serikalini, jina lake liko juu kabisa, kilichobaki ni alama za vidole na picha. Nikamwambia asikimbie tena.

Polisi walikuja na lori asubuhi, watu wakinywa chai. Mtaa ulikimbia kama kawaida. Nilipotoka nilimkuta Fundi amesimama mlangoni kwake, amevaa gauni la kanisani, uso umepakwa mafuta. Mkubwa wa wale polisi alikuwa ameshika karatasi, na sikuhitaji kusogea ili niisome. Mwandiko wangu naujua. Nani aliitoa, kati ya wale wawili au kwingineko, sijajua hadi leo, na nimeacha kuuliza. Walioandikwa ni mimi niliyewaandika.

"Mwalimu," Fundi aliniita, "ni hawa wamereta vipande?"

Polisi alisoma jina la kwanza. Fundi akaitika kama watoto wangu wanavyoitika darasani, "Niko," akapanda lori mwenyewe bila kushikwa mkono. Wengine walitupwa juu wakilia. Lori lilipogeuka kushika barabara ya kwenda mpakani, yeye alikuwa bado anakiweka sawa kitambaa cha kichwani, akijitayarisha kwa picha.