Jini la Barabara Kuu

Mwanangu alizaliwa na kichwa kidogo. Miezi ilivyokwenda mwili ukakua, kichwa kikabaki nyuma, na macho yake hayakufuata hata taa za malori. Mama mkwe wangu, mkulima wa mpunga kule Mvumi, hakuhitaji vipimo. "Hilo ni jini la barabara kuu," alisema. Mimi nauza supu na chapati Mikumi, pale malori yanapopumzika, na kwake huo ulikuwa ushahidi tosha. Akamwambia mume wangu, tena mimi nasikia, anirudishe kwetu na mtoto wangu, aoe mwanamke asiyejuana na madereva.

Mume wangu hakusema ndiyo, hakusema hapana. Weee! Kile kimya kiliniuma kuliko maneno ya mama yake. Aliomba tu tusubiri majibu ya damu zetu, mimi, yeye na mtoto, zilizokuwa zimepelekwa mbali kupimwa.

Siku ya majibu mama mkwe naye akapanda basi nasi kwenda hospitali. Nani angemzuia?

Daktari alikuwa binti mpole. Akamwamkia mama mkwe shikamoo, akaitikiwa marahaba, ndipo akasema, "Tatizo la mtoto liko kwenye jeni."

Mama mkwe akapiga makofi. "Si nilisema? Jini!"

"Jeni, bibi. Siyo jini."

"Hayo ni matamshi yenu ya mjini. Endelea."

Daktari akaendelea, maskini. Mwili hukua kwa seli kugawanyika, na kabla ya kugawanyika kuna kitu kidogo sana ndani ya seli ambacho lazima kwanza kijizidishe, viwe viwili. Jeni hiyo ndiyo inayotoa maelekezo ya kutengeneza kimeng'enya cha kusimamia kazi hiyo. Maelekezo yakiharibika, seli za ubongo huwa chache, kichwa hakikui, na macho nayo huweza kuathirika. Mimi ninayekata madonge ya chapati kila alfajiri nilielewa. Mgawanyo ukiharibika, sahani haijai.

"Sasa huyu mama amelitoa wapi?" mama mkwe akauliza, kidole kikinielekea.

"Wamechangia wote wawili, bibi. Mama ana jeni moja yenye hitilafu, na baba ana moja. Mwenye moja haumwi, wala hajui kama anayo. Mtoto amezipata zote mbili."

"Mwanangu mimi? Kaitoa wapi?"

"Kwa mmoja wa wazazi wake."

Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu! Moyo wangu ulicheka, tena kwa sauti. Mama mkwe akatazama sakafu.

"Marehemu mume wangu alikuwa mtu wa swala tano," akasema polepole. "Basi ni mimi."

Daktari akamwambia haiwezi kujulikana bila kumpima, na kwamba hili si kosa la mtu yeyote. Sidhani kama alisikia.

Tulipotoka nje, mume wangu akafungua mdomo hatimaye. "Mama, mke wangu harudi popote."

Nilijiandaa kwa ugomvi. Mama mkwe akakaa kwenye benchi, akavuta ukingo wa khanga, akajifuta uso.

"Sawa, baba. Na mimi je?" akauliza. "Mimi mtanirudisha wapi? Kwetu walishakwisha wote."

Kicheko chote kikaniisha. Nikakaa karibu yake, nikampakatisha mjukuu wake.