Mto Unaopita kwa Mdogo Wangu Kwanza

Mdogo wangu aliolewa Tetu, huko juu mto unakotokea. Mimi nilibaki bondeni, chini ya mji wa Nyeri, kwenye kipande cha shamba alichotuachia mama. Mto ni uleule. Unapita kwake kwanza, unazunguka mjini, ndipo unanifikia. Kwake unaona kokoto zilizo chini ya maji. Kwangu unafika na povu la waosha magari, mafuta ya gereji na uchafu wa vyoo vya nyumba za kupanga.

Sote wawili tuliuza sukuma wiki sokoni, meza zetu zikiwa zimegusana. Nilimpenda, lakini kila mteja aliponipita na kuinama kwenye meza yake, nilihisi kama nimeibiwa. Nililima kumshinda. Niliamka kabla yake. Yeye alichofanya ni kuolewa huko juu tu.

Asubuhi moja alienda kutuchukulia chai. Mwalimu mmoja, mteja wake wa siku nyingi, akasimama mbele yangu.

"Mama, hizi ni za huku chini ama za Tetu?"

"Za Tetu," nikasema. "Shamba ni moja na la huyu mdogo wangu."

Akachukua mafungu manne. Nilipogeuka, mdogo wangu alikuwa nyuma yangu na vikombe viwili mkononi. Alikuwa amesikia. Aliviweka mezani, akabeba mafungu manne ya kwake, akamkimbilia yule mwalimu. Niliwaona wakibadilishana pale langoni. Akarudi na yangu.

"Si ungeniomba nikugawie?" akaniuliza. "Huyo mtu ako na watoto, dada."

"Wewe huwezi elewa. Unakunywa maji, mimi naletewa yale watu wamemaliza nayo."

"Lakini mimi simwagi kitu kwa mto."

"Najua. Ndiyo maana inaniuma. Ungekuwa unamwaga, ningekuchukia nitulie."

Jioni hiyo alinifuata hadi nyumbani. Hakuwa ameshuka mtoni kwangu tangu tumzike mama. Akasimama ukingoni, karatasi za plastiki zimenasa kwenye matete, maji yana rangi ya chuma kilichoshika kutu. Akaziba pua.

"Ni hapa tulikuwa tunaoga?"

"Ni hapa."

Akaanza kulia. Nakiri kwamba nilifurahi. Nilikuwa nimengoja muda mrefu auone huu mto wangu.

Wiki iliyofuata niling'oa sukuma zote, nikapanda miti ya kuni. Siku hizi yeye analima, mimi ninauza, na wateja wakiuliza ninawaambia ukweli. Tunaelewana. Ila nikienda kwake kuchukua mboga, huwa nashuka mtoni peke yangu na kunawa uso. Maji ni baridi na hayana harufu yoyote. Nasimama pale hadi aniite mara mbili, nikimwonea wivu hata kwa sauti hiyo anayoniita nayo, sauti ya mtu asiye na haraka.