Manjano ya Chini ya Ngao

Necahual aliamka amechoka, kama alivyoamka kwa miaka mingi, akajikokota hadi uani kuwasha moto chini ya chungu cha rangi ya manjano. Chungu hicho kilikuwa chake tangu aolewe katika nyumba hii ya mafundi wa manyoya, hapa mtaa wa Amantlan. Mumewe alikwenda vitani asirudi, watoto wakaoa na kuolewa, wajukuu wakazaliwa. Yeye na chungu wakabaki palepale.

Watu wakiiona ngao ya jemadari hutoa macho kwa yale manyoya ya kijani yanayoletwa kutoka misitu ya mbali. Hakuna anayeuliza habari za tandiko, yaani manyoya ya yangeyange, ya bei ya chini tu, yanayotiwa rangi na kubandikwa chini ili yale ya thamani yang'ae. Tandiko likifubaa, ya juu nayo hufubaa. Lakini sifa zote huenda juu, na wanaosifu hawaoni haya.

Tangu miaka miwili iliyopita ukungu ulikuwa umetanda machoni mwa Necahual, na hakumwambia mtu. Shabu ya kushikisha rangi aliionja kwa ulimi. Magadi aliyajua kwa harufu na kwa jinsi maji yanavyochachamaa yakitiwa. Muda wa kuchemsha aliupima kwa nyimbo. Akigundulika, ingembidi akabidhi mti wa kukorogea, aende kukaa ukutani pamoja na wazee, ambako mwenye wajukuu huachiwa pombe ya mkonge anywe mpaka atosheke. Wengine waliingoja siku hiyo kwa hamu. Yeye aliiogopa kuliko kifo, ingawa magoti yalimuuma na mgongo haukunyooka tena.

"Wee bibi, bado hujafa tu?" alisema Xoco, wifi yake, aliyekaa kwenye chungu cha pili, kile cha rangi nyekundu ya wadudu wa mpungate.

"Nikifa utamtukana nani?"

"Nitapata tu. Bakuli lako linakungoja pale ukutani, limeshaingia nzi."

"Kanywe wewe."

"Mimi? Mimi bado kigoli."

Necahual akacheka mpaka akakohoa. Kigoli mwenyewe alikuwa amebakiwa na meno manne.

Jua lilipopanda, Itzcuin, mkuu wa nyumba na mdogo wa marehemu mumewe, alikuja na ngao iliyoliwa na nondo. Jemadari mwenye ngao alitaka kucheza nayo kwenye sherehe jioni hiyohiyo. Itzcuin alikwisha kubandua manyoya ya juu upande mmoja.

"Shemeji, unaikumbuka hii? Tandiko hili ulilitia rangi wewe, mwaka ulioolewa. Tazama linavyong'aa!"

Necahual akainama, akatazama. Aliona weupe wa jua tu.

"Naliona," akasema.

"Nataka kiganja kimoja cha manyoya kama haya, kabla jua halijapinda."

Kazi ikaanza. Akaonja, akanusa, akaimba nyimbo zake kwa sauti ya chini. Kwa kawaida, manyoya yakishaiva, aliyatandaza kivulini, akalala kidogo hadi yakauke. Leo hapakuwa na kulala. Aliyapepea mwenyewe mpaka mikono ikafa ganzi, akampelekea Itzcuin.

Itzcuin akayaweka kando ya yale ya zamani. Akayageuza juani.

"Yanafaa, shemeji," akasema.

Necahual akasubiri mdomo wa Xoco. Kwa miaka yote hiyo Xoco hakuwahi kuacha kiganja cha manyoya kipite bila kukitukana. Hata yale mazuri kupita yote aliyaita mkojo wa mbwa. Sasa hakusema neno.

"Xoco, mbona umenyamaza?"

"Kwani nimesema nini?"

"Hujasema kitu. Ndiyo maana nakuuliza."

Xoco alikoroga chungu chake, akakoroga tena.

"Ni mabaya?"

"Mabaya, wifi. Yamekuwa kama vumbi."

"Na ya juzi? Na ya mwezi uliopita?"

"Hayo yalikuwa mazuri," alidakia Itzcuin, kisha akatazama chini. Lakini macho ya Necahual mwezi uliopita yalikuwa hayahaya.

"Xoco, lete mkono wako."

Xoco alisita, akauleta. Necahual akausogeza hadi karibu na jicho, asione kitu. Akaupeleka puani. Mkono wa mtu wa chungu cha nyekundu haunuki hivi. Huu ulinuka maua ya manjano na magadi, harufu iliyokwisha kuzama kwenye ngozi.

"Tangu lini?"

"Misimu miwili ya mvua. Ukilala mchana, nayarudisha chunguni, nayatia rangi upya."

"Na hapa uani watu wanaviona vidole vyako?"

"Vimekuwa manjano kama ua la boga, wifi. Wanaviona wote."

Hasira zikampanda, na aibu pia, akatamani kumchapa kibao. Miaka miwili ameshikwa mkono kama mtoto na watu wote wa uani wakitazama!

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungekwenda ukutani. Halafu ningemtukana nani?"

Itzcuin alikohoa, akasema mwenye ngao atakuja sasa hivi.

"Ya jana uliyoyarudia, yamebaki?" Necahual akauliza.

"Yapo kikapuni. Nisingeweza kuyatoa mbele yako."

"Mpe. Jemadari wa watu asicheze na vumbi."

Akasimama, magoti yakalia. Akautafuta mti wa kukorogea, akautia katika kiganja cha Xoco na kukifumba juu yake. Kisha akaenda ukutani, mkono mmoja mbele. Mzee mmoja akamsogezea bakuli. Pombe ilikuwa chachu. Alikuwa amechoka, na sasa hakuwa na haja ya kuficha. Machozi yakamtoka, akaendelea kunywa.

"Wee bibi wa ukutani!" Xoco akapaza sauti kutoka kwenye chungu cha manjano. "Magadi nitie sasa?"

Necahual akatega sikio, akausikiliza mchemko.

"Bado. Ngoja povu litulie."

Xoco, aliyekuwa akiyatia vizuri miaka yote miwili bila kuambiwa na mtu, akangoja.